Kilichomea Kifuani Mwako, Yaya

Yaya Mwajuma,

Mvua haijaacha Beni tangu mwezi huu uandame, na kakao inakataa kukauka. Asubuhi tunaitandaza juu ya maturubai, kabla ya adhuhuri wingu linashuka, tunaikusanya mbio mbio, na tukiifunua tena tunakuta imeota vinyweleo vyeupe. Kesho yake vinyweleo vimekuwa vya kijani. Harufu yake unaijua. Zamani nilidhani ni harufu ya depo yako ya kununulia kakao tu, kama vile gereji ina harufu yake. Sasa ikinipata puani ninasimama, ninajifunga kitambaa usoni na kuwaambia wafanyakazi wafunge vyao. Wananitii, lakini najua nikigeuka wanavishusha shingoni.

Ni mimi, Zaina, mdogo wako uliyenibeba mgongoni kabla hujaota meno yote ya ukubwa. Nimekaa kwenye kiti chako nyuma ya mizani. Ulikuwa ukinicheka kwamba nikiongea ni mtu wa Butembo, nikishika kalamu nageuka redio. Basi leo nivumilie. Nina habari ya Yusufu, mume wako, na siwezi kuifikia moja kwa moja. Nataka niyapange mambo toka mwanzo, kwa sababu hapa mtaani kila mtu ana hadithi yake juu ya kifo chako, na katika zote hizo sijasikia iliyo ya kweli. Wewe ulikuwapo. Nikikosea, nijie ndotoni unisahihishe.

Mwaka ule wa kifua kikuu mlikuwa wawili. Yusufu alikileta kwanza kutoka barabarani, siku zile akilala ndani ya lori na wapakiaji wake, kisha kikakushika wewe. Salima, binti yenu, alipimwa, akaonekana mzima. Nakumbuka mkimeza vidonge pamoja asubuhi kwa chai ya tangawizi, mnashindana nani atameza vyote kwa funda moja, na Salima ndiye mwamuzi. Mlipoambiwa mmepona, ulipika pilau ukaita mtaa mzima, Waislamu kwa Wakristo. Ulisema mbele ya watu, "Kifua kikuu kilikuja kutafuta nyumba, mi nikakifukuza." Tulipiga vigelegele. Hatukujua kwamba ugonjwa ule huondoka kama mpangaji mbaya. Ufunguo anarudisha, ukutani anaacha shimo.

Wewe ulibaki na shimo. Na Yusufu pia.

Miaka ikapita. Depo ikakua. Wakulima wa Mangina na wa Oicha walikuwa wakipita madepo mengine yote wakija kwako, kwa sababu ulikuwa ukipasua mbegu kwa kile kisu kidogo mbele ya macho yao, ukainusa, ukawaambia ukweli hata kama hawautaki. Magunia mabichi uliyaweka nyuma, kwenye kile chumba kisicho na dirisha, mpaka jua lipatikane. Uliyageuza kwa mikono yako mwenyewe. Nilipokuja kukutembelea nilikukuta unatoka humo nyusi zimejaa vumbi, unacheka, unapiga chafya.

Damu ya kwanza uliificha. Salima ndiye aliyekuja Butembo wakati wa likizo akaniambia jikoni, tukiwa tunamenya viazi vya Lubero. "Mama mudogo, mama anafula leso yake peke yake. Hapendi mutu amusaidie." Aliendelea kumenya. Mimi nikaacha. Kesho yake nilishuka Beni.

Nilikukuta umekonda, mifupa ya shingo imesimama. Nilikuuliza wazi, nawe ulifunga kwanza mlango wa depo.

"Zaina, hapa Beni mutu akitoa damu mu kinywa, haiko mutu tena. Iko numéro ya simu. Batapiga numéro, batakuya na gari."

Miaka ile ya Ebola tuliiona wote. Tuliona kizuizi cha barabarani, kile kipimo cha joto wanachokuelekezea kwenye paji la uso kama bastola, na watu wakiingia kwenye mahema kwa miguu yao na kutoka ndani ya mfuko. Tulimwona Mama Kavira, mkulima wako wa Mangina, aliyeingia huko pamoja na mume wake akatoka peke yake, mzima. Aliporudi na gunia lake la kakao hakuna aliyetaka kuligusa. Wewe ulilifungua kwa mikono mitupu mbele ya foleni nzima, ukachota mbegu, ukanusa, ukamwambia, "Bado haijakauka muzuri, Kavira. Sawa na siku zote." Alilia kwa furaha ya kugombezwa kama mtu wa kawaida.

Kwa hiyo uliogopa, na haki ulikuwa nayo. Kwenye kituo cha afya ulisema unakohoa, hukusema damu. Walipima makohozi, hawakuona kitu. Walisema huenda kifua kikuu kimejificha, wakakurudisha kwenye dawa zilezile. Siwalaumu. Hapa kwetu anayekohoa na kukonda, jina la kwanza linalokuja ni hilo. Ulimeza miezi, mkojo ukawa mwekundu kama mara ya kwanza, na bado leso zikaendelea kufuliwa kwa siri. Kila nilipopiga simu ulisema, "Niko bien." Na nyuma ya sauti yako nilisikia kile kikohozi, kifupi, cha mtu anayegonga mlango na hana haraka.

Ni Yusufu aliyekupandisha Butembo mwishowe. Hakukuomba ruhusa. Aliegesha lori mbele ya depo, akafungua mlango wa abiria, akasimama pale na mvua inamnyeshea mpaka ukapanda. Njia nzima ulimnunia. Mlipofika kwangu ulikuwa unatetemeka kwa baridi ya kule juu, nikakuvisha sweta mbili.

Daktari Mukendi ni mtu wa Kasai, serikali ilimleta huku, na Kiswahili chake unakijua, nusu Kifaransa, nusu Kilingala cha jeshini. Alikupiga picha ya kifua ukiwa umesimama. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akakulaza kwa ubavu, akapiga nyingine. Alizibandika zote mbili kwenye kioo cha dirisha, nasi watatu tukasogea.

"Munaona? Hii ni shimo, kifua kikuu iliiacha. Na mu shimo muko kitu. Mama akisimama, iko chini. Akilala, iko kando. Inatembea."

Uliuliza, "Iko nyama?"

"Haiko nyama, mama. Ni champignon. Kuvu."

Champignon kwetu ni uyoga, ukacheka mpaka ukakohoa. "Mi nilikula buyoga tangu utoto. Leo buyoga njo bunanikula." Yusufu naye alijaribu kucheka. Daktari hakucheka. Alikungojea umalize, na katika kule kungojea kwake ndiko mimi nilikoingiwa na hofu.

Alituambia taratibu. Kuvu ile ina mbegu ndogo kuliko vumbi. Ziko kwenye nyasi zilizooza, kwenye kuta zenye maji, kwenye mazao yaliyofungwa yakiwa mabichi. Sisi sote tunazivuta kila siku, na kifua kizima kinazifagia nje. Ndani ya shimo hakuna wa kufagia. Mbegu inatua, inamea, inajizungusha juu yake yenyewe mpaka inakuwa kama mpira wa matambara. Inaweza kukaa miaka. Dawa ulizokuwa unameza haziigusi, kwa maana hizo ni za mdudu mwingine.

Uliuliza jambo moja tu. "Batoto banaweza kuipata kwangu?"

"Hapana. Hii haiambukize. Mutoto anaweza kulala na mama yake bila shida."

Hapo ndipo ulipolia, Yaya. Nikaelewa kwa nini ulikuwa ukimlaza Salima chumba cha magunia matupu miezi ile yote.

Halafu daktari akasema lile neno. Alisema ule mpira uko karibu na mshipa mkubwa wa damu, na siku moja unaweza kuukwaruza. Dawa ya kweli ni kukatwa, na wa kukata hapa hayupo. Njia ya Goma imefungwa na vita. Imebaki Kampala. Kabla ya hapo, vidonge vya kuvu kwa miezi, na wewe usiingie tena kwenye depo. Alirudia kwa Kifaransa, kisha kwa Kilingala, kama mtu anayejaribu funguo tatu kwenye kufuli moja.

Yusufu alivileta vidonge kutoka ng'ambo, kwa njia ya Kasindi mpakani. Na vilisaidia, nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo. Damu ilikatika. Ulikaa kwangu karibu na uwanja wa ndege wa Rughenda, ukanenepa kidogo mashavuni. Ndege ndogo ikipita juu ya paa ulitoka uani na kuipungia mkono kama tulipokuwa watoto, ukasema rubani amekuona. Jioni moja ulinisuka nywele kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka, nikawaza, mikono hii imerudi.

Halafu msimu wa kakao ukaanza.

Yusufu alitaka muende Kampala mara moja. Uligoma. Ulisema utakwenda, lakini msimu upite kwanza. Daktari alipokukataza ulimjibu bila hasira, nami bado nayasikia maneno yako kama ninavyosikia mvua hii sasa. "Docteur, mutu anatoka na kakao yake mu pori kwenye batu banachinjwa. Anafika hapa muzima. Anakuta mulango imefungwa? Hapana." Daktari aliinamisha kichwa. Wote tulijua wakulima waliokwenda shambani asubuhi na hawakurudi.

Ukashuka Beni na kitambaa usoni.

Asubuhi ile nilikuwa nimekuja kukusaidia kufunga safari. Msimu ulikuwa unaishia, begi lako la Kampala lilikuwa tayari chumbani. Ulikuwa umekaa hapa nilipo mimi sasa, unapasua mbegu kwa kisu. Ulikohoa mara moja, kidogo, kama mtu anayetaka kumwita mtu. Kisha damu ikaja. Haikuja kwa leso. Ilikuja kama maji ya bomba lililokatika. Ulinitazama kwa mshangao, kama vile mtu amekuambia bei isiyowezekana, ukakaa juu ya magunia, na mkono wako ukatafuta wangu.

Mtu mmoja akatamka Ebola. Hakupiga hata kelele, alilitamka tu, na depo ikawa tupu. Wauzaji waliacha magunia yao kwenye mizani. Barabarani pikipiki zote ziliwaka kwa pamoja. Niliita mwenye pikipiki mmoja anibebee ndugu yangu, nikamwona anaigeuza akinitazama machoni.

Aliyeingia ni Mama Kavira. Alikuwa kwenye foleni na gunia lake. Alinisukuma begani akaniambia, "Weye toka. Miye ile ugonjwa ilishanipita. Hata kama ni yenyewe, hainiwezi." Nilimwambia siyo yenyewe. Akasema, "Basi tushike wote." Alikulaza ubavuni, akakupangusa kinywa kwa kanga yake, akawa anakuambia maneno ya Kinande, polepole, yale ambayo mama wa huku humwambia mtoto mwenye homa. Ulimsikia, nadhani. Ulibana kidole changu. Ilikwisha kabla chai iliyokuwa jikoni haijachemka.

Gari ulilokuwa unaliogopa lilikuja. Siwezi kusema walitutendea vibaya. Walivaa nguo zao nyeupe, wakaomba ruhusa, wakapitisha kijiti chenye pamba kinywani mwako, wakasema usiguswe mpaka jibu lirudi. Wakafunga mlango wa depo, wewe ndani, sisi nje juani. Yusufu alifika kutoka barabarani akasimama kwenye kizingiti bila kuegemea kitu. Vijana wa mtaa wakaanza kukusanyika na mawe mikononi, wengine wakisema wale wa nguo nyeupe wamekuja kuiba maiti, wengine wakisema depo ichomwe na vyote vilivyomo. Nilisikia neno petroli. Yusufu aliwafuata, akasimama mbele ya yule aliyeshika jiwe kubwa.

"Weka chini. Bibi yangu hakuishi na mawe, hatazikwa na mawe."

Sheikh naye alikuja akakaa chini vumbini, katikati, kati ya vijana na wale wa gari, akaanza kusoma. Hakuna aliyethubutu kurusha kitu juu ya kichwa chake. Tulikaa hivyo mpaka karibu na alasiri, simu ikalia. Hakuna Ebola. Tukapewa ufunguo.

Lakini jibu lilisafisha karatasi tu. Watu hawakuliamini. Walisema limenunuliwa. Wale wanawake wa msikitini wanaoosha maiti hakuna aliyekuja, isipokuwa Bibi Mariamu, aliyesema amezeeka mno hata akifa kesho haitakuwa habari. Tulikuosha sisi wawili. Mama Kavira alileta maji mpaka mlangoni, ndoo baada ya ndoo, akigeuza uso pembeni kwa heshima, kwa sababu ni Mkristo na aliogopa kuharibu ibada yetu. Nilipofika kifuani mkono wangu ulisimama peke yake, upande wa kulia, juu. Wewe ulikuwa umekwisha. Nikajiuliza kama nayo imekufa, au imo humo bado, kwenye shimo lake, inaendelea na kazi yake bila kujua kwamba nyumba imehamwa. Bibi Mariamu aliniambia, "Endelea, mwanangu." Nikaendelea.

Sasa sikiliza yaliyobadilika.

Salima anakaa kwangu Butembo, anasoma. Amerefuka, ana ule mwendo wako wa kutupa mabega. Mimi nashuka Beni na kupanda, kwa sababu Yusufu aliniomba depo isife. Kile chumba cha nyuma nilikibomolea ukuta mmoja, hewa inapita. Kakao ikiota nywele siinunui, na iliyoota ikiwa mikononi mwangu naizika. Mnunuzi mmoja alinishauri niichanganye na nzuri. Nikamwonyesha mlango.

Baada ya arobaini yako watu walianza kuja. Si kwa kakao. Wanakuja wakati mizani imenyamaza, wanazungusha maneno, wanauliza mvua, wanauliza watoto, kisha wanauliza: ile ya dada yako ilianzaje? Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Kisangani. Mama anayeuza mafuta ya mawese. Wote waliwahi kupona kifua kikuu, wote walisherehekea, na wote wana kile kikohozi kifupi. Nawapeleka kwa Daktari Mukendi. Anaponiona mlangoni uso wake unashuka kabla sijasema kitu. Sikujua, Yaya, kwamba tunaishi katikati ya vifua vingi hivi vyenye mashimo, na mvua hii yote, na kuta hizi zote zinazotoa maji.

Na Yusufu anakohoa.

Nimeliandika. Nilidhani kalamu itakataa.

Alianza kwa kwenda nyuma ya lori. Nilimwona mara ya kwanza, nikajiambia ni mafua. Mara ya pili alirudi anafuta midomo, nikamuuliza. "Ni vumbi ya njia, shemeji." Vumbi gani, Yaya? Barabara ya Beni sasa hivi ni uji. Nilimwangalia, naye akaangalia matairi. Kuna kitu cha kutisha katika kumwona mtu mkubwa vile, mtu aliyewafuata vijana wenye mawe, anashindwa kuinua macho.

Nilimwambia, "Shemeji, nilimuosha mwenyewe. Usinidanganye mimi."

Akatoa leso mfukoni, akaikunjua juu ya mizani. Alama ilikuwa ndogo, kama ya mbu aliyeuawa ukutani. Akasema, "Naogopa jina yake tu. Kama hapana jina, naweza kuendesha."

Tulipanda Butembo siku hiyohiyo. Daktari alimpiga picha akiwa amesimama, kisha amelala. Safari hii hakuibandika dirishani. Aliishika mkononi akatuonyesha kwa kidole. Shimo liko kushoto, juu, mahali ambapo kifua kikuu kiliacha kovu mwaka ule wa vidonge na chai. Ukuta wake umenenepa. Na chini, kama unga uliobaki kwenye sufuria, kuna kivuli.

"Tumeikuta ingali ndogo," alisema daktari. Kisha kwa sauti ya chini, kama anajisemea mwenyewe, "Mais... lakini iko."

Ameshaanza vidonge. Ijumaa, baada ya swala, tunaondoka na msafara wa Kasindi, wanajeshi mbele na nyuma, kwa sababu magari yamechomwa tena kwenye njia ile na watu hawapiti peke yao. Kutoka mpakani tutaendelea mpaka Kampala, kwa mpasuaji ambaye Daktari Mukendi amemwandikia. Yusufu atakaa kiti cha abiria. Hajawahi kukaa kiti hicho, anasema hajui atie miguu wapi. Daktari hakutuahidi kitu. Alisema huenda wakakata, huenda wakasema dawa inatosha kwa sasa, huenda wakasema kifua chake hakitavumilia kisu. Na kabla ya yote hayo kuna barabara.

Depo naifunga. Katikati ya msimu, Yaya. Jana niliwaeleza wakulima mmoja mmoja, na hakuna aliyenilaumu. Mama Kavira ataweka mizani uani kwake Mangina, chini ya paa lisilo na kuta, mpaka tutakaporudi. Alinikumbatia akasema, "Mulinipokea. Nami nitabapokea." Nilitaka kukuuliza kama nimefanya sawa. Kisha nikatambua kwamba sihitaji kukuuliza. Wewe ulichagua kwa upendo, nami nachagua kwa upendo, na tumechagua tofauti.

Limebaki moja. Juzi mchana, kabla sijashuka Beni, nilimwita Salima uani. Yusufu alitaka tumwambie tunakwenda kununua vipuri vya lori. Nilianza hivyohivyo, na mtoto akanisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye magoti.

Akauliza, "Ile iko mu kifua ya papa, ni ile ya mama?"

Nikakubali, "Njo ile."

Hakulia. Akasema, "Siku ya mama, mulinifungia kwa jirani. Nilisikia batu banakimbia, nikafikiri ni vita. Nilikuwa chini ya kitanda na mama anakufa. Papa akitoa damu, muniite. Hata kama ni mubaya, muniite."

Nikamwambia ndiyo. Tutakwenda naye Kampala. Shule itangoja.

Basi nakuacha hapa, Yaya. Mwenyezi Mungu akupanue pale ulipo, akupe hewa safi, pumzi ndefu isiyo na kizuizi. Siwezi kukuahidi kwamba Yusufu atarudi mzima, wala kwamba barabara itatupitisha. Nakuahidi hili ninaloliweza: katika nyumba yako hakuna mtu atakayefua leso peke yake tena. Damu ikija, itatukuta tumekaa pamoja, na Salima ndani, mlango wazi.

Mdogo wako,
Zaina